Hamasa ninayo, niulizeni ruhusa

Wiki iliyopita mliuliza: "Nini kinakupa hamasa ya kufanya mazoezi na kutunza afya yako kila siku?" Swali hilo nililisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaliacha, usiku nikalirudia. Limenigusa mahali, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Nashona Tandika, Dar es Salaam, tangu 1998. Fundi cherehani kazi yake ni kukaa. Nakaa saa tatu asubuhi, nainuka adhuhuri kusali na kula, nakaa tena mpaka giza liingie. Idi ikikaribia, au Januari kwenye msimu wa sare za shule, naipita hata saa sita ya usiku. Miguu inavimba, kiuno kinakaza. Msidhani basi kwamba sijui mwili unataka kutembezwa. Najua, na wenzangu wote pale barazani wanajua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Ukigawa, ni nusu saa kwa siku tano. Hesabu hiyo haimshindi mtu.

Nilichokosa mimi ni ruhusa. Simaanishi ya mume, maana wangu hakuwahi kunikataza. Nasema ruhusa ya mtaa. Mwanamke wa makamo akitoka alfajiri na kikapu, anakwenda sokoni. Akitoka na ndoo, anakwenda kuteka maji. Akiwa na mtoto mgongoni, kliniki. Akitoka mikono mitupu, anakwenda wapi? Mwaka 2017, siku ya kwanza nilipoamua kutembea, watu wanne walinisimamisha kabla sijafika barabara kubwa: "Kwema huko?" Wiki iliyofuata nikachukua kikapu cha ukindu, kitupu, nikakibeba miezi mitatu kutoka Tandika mpaka karibu na Uwanja wa Taifa na kurudi, ili nisiulizwe. Nilipoanza kupungua wakaniuliza jingine: "Mbona umekonda, unaumwa?" Wenye umri wangu wanakumbuka kukonda kulimaanisha nini miaka ya tisini, kwa hiyo siwalaumu. Lakini kila aliyeniuliza alinirudisha hatua moja nyuma.

Na haikuwa hivyo tangu mwanzo. Darasa la saba, Korogwe, mwaka 1989, tulikimbia mchakamchaka kila asubuhi, wasichana kwa wavulana, kiranja akiimbisha mbele na vumbi likitufuata nyuma. Nilikuwa na pumzi ndefu, nilipenda kukimbia. Siku niliyomaliza shule ndiyo siku niliyoacha. Hakuna aliyenikataza, ni kwamba sikumwona tena mwanamke mzima anakimbia bila kuwa na balaa mbele yake au nyuma yake.

Najua zipo juhudi. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, ikatajwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Zanzibar wana tarehe 1 Januari yao, vikundi vinatoka kwa mamia. Hapa kwetu Temeke klabu za jogging zinapita Jumapili alfajiri na fulana za rangi moja, wanaimba mpaka unaamka. Yote nayapenda. Ila anayetoka na fulana ni yule ambaye kwao wameshamzoea kutoka.

Sasa niwaeleze habari ya wifi yangu, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2018 mama mkwe aliugua, nikaenda Tanga kumuuguza, nikalala kwa wifi, Makorora, wiki tatu. Wifi ana sukari. Usiku wa pili, kabla ya adhana ya alfajiri, nikasikia ndala nje. Zinapita chini ya dirisha, zinapotea, zinarudi. Nikadhani mwizi. Nikabana pumzi, nikachungulia kwenye wavu. Alikuwa wifi, kajifunga kanga zake mbili, anaizunguka nyumba yake mwenyewe.

Sikumwita. Nilisimama pale nikimtazama. Kila akifika mlango wa uani alikuwa anainama, anatoa kitu kwenye kopo, anakitia kwenye kopo la pili, anaendelea. Upande mmoja, kati ya ukuta na ua wa jirani, shemeji alikuwa amepanga matofali ya saruji ya kujengea chumba cha uani. Pale wifi alipita ubavu ubavu, mkono mmoja ukutani, mwingine umeikusanya kanga isikwaruzwe. Kulipokucha nikaenda kuutazama ukuta. Chokaa ilikuwa imeshika weusi, mstari mmoja mrefu kwenye kimo cha kifua, pale kiganja chake kilipokuwa kikipita kila siku.

Nikamuuliza. Akanionyesha makopo mawili ya Blue Band na kokoto sitini. Mwanzo alihesabia punje za mahindi, kuku wakawa wanazidokoa, hesabu ikampotea, ndipo akaokota kokoto. Daktari alimwambia atembee nusu saa kila siku. Shemeji akasema mke wake hatatembea njiani alfajiri kama mtu asiye na kwao. Wifi alikuwa anapepeta mchele akinisimulia, wala hakuinua uso. "Basi wifi," akasema, "daktari kaniambia nitembee, hakuniambia nitembee wapi."

Tepu yangu ya kupimia haitoki kwenye pochi hata nikisafiri. Nikaupima mzunguko ule: mita 41, ukihesabu na kona ya choo. Mara sitini ni karibu kilomita mbili na nusu. Ulikuwa mwezi wake wa nane wa kuzunguka. Mvua ikinyesha alijitanda nailoni. Ramadhani alizunguka baada ya tarawehe.

Kesho yake nikatoka nikamfuata. Hatukuongea, kwa kuwa wawili hatukuweza kwenda sambamba. Yeye mbele, mimi nyuma, nikisikia pumzi yake tu na ndala. Mzunguko wa ishirini na kitu, mlango ukafunguliwa, shemeji akatoka na birika la udhu. Akatuona. Tukapita mbele yake. Tukazunguka, tukapita tena. Mara ya tatu tulipotokea alikuwa ameliondoa birika njiani na kuvuta miguu yake nyuma. Akatawadha, akaenda msikitini. Hakusema neno, na siku nzima hakulitaja.

Siku iliyofuata alirudi kazini mapema, akavua shati, akaanza kuyahamisha matofali. Mawili mawili, kutoka pale kwenye uchochoro mpaka mbele, chini ya mwembe. Yalizidi mia mbili. Watoto wa jirani wakaja kumsaidia, akawarudisha. Mimi na wifi tulikuwa jikoni, yeye anakuna nazi. Alipoelewa kinachofanyika nje, mbuzi ikanyamaza. Nikamwona amekishika kifuu, mkono hauendi. Kisha akaendelea kukuna, na mimi nikageukia chungu changu, maana si kila jambo linataka kutazamwa usoni.

Njia ya barabarani hakumpa, si mwaka ule wala uliofuata. Lakini ile ya kuzunguka nyumba aliipanua mpaka watu wawili wakaweza kwenda bega kwa bega. Siku zangu zilizobaki Tanga tulitembea hivyo, na tuliongea mambo ambayo katika miaka yetu ishirini ya uwifi hatukuwahi kuyaongea.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuitoa habari hii kama ushahidi kwamba tatizo ni ruhusa, basi. Nimeifikisha hapa na naona hainiungi mkono kama nilivyotaka. Wifi ruhusa hakuwa nayo, wala barabara, wala klabu, wala kikapu cha kujifichia. Akatembea. Kilichokuwa kikimtoa kitandani gizani miezi minane, hakuna anayemwona wala kumpongeza, siwezi kukiita jina jingine zaidi ya hilo mlilolitumia ninyi. Nami niliyekuwa na ruhusa ya mume na barabara ya kutosha, nimeacha mara mbili, 2019 na tena 2021, na mara zote mbili hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimechoka. Hilo nalo lazima niliandike.

Kwa hiyo nakubali mliuliza sawasawa, ila kuna mambo yasieleweke vibaya. Sukari ya wifi, ile ya asubuhi kabla ya kula, ilishuka kutoka kumi na tatu mpaka saba na kitu ndani ya mwaka mmoja, lakini alikuwa anameza dawa zake, aliacha chai ya sukari na akapunguza wali wa usiku. Mtu asije akatupa vidonge akaanza kuzunguka nyumba. Na miguu ya mwenye sukari inataka kuangaliwa kila siku. Zile ndala zilimtoa malengelenge kisiginoni asiyasikie, mpaka nilipomwosha mguu mimi ndiyo tukayaona. Siku ile ile nikaenda Mgandini kumtafutia raba za mtumba zenye soli nene. Tena, aliyepanga chumba kimoja Tandika hana nyumba ya kuzunguka. Huyo anahitaji barabara. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022 nilikwenda jioni moja, nikawaona akina mama wa kila umbo wanatembea kwa amani, kwa sababu pana taa, pana upande wa waenda kwa miguu, na wengine wengi wanafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyebeba kikapu. Ila kutoka kwangu mpaka pale ni nauli kwenda na kurudi, na njia ya waenda kwa miguu niliyo nayo karibu, Barabara ya Kilwa, nagawana na bodaboda na meza za wauza viatu.

Nikilazimishwa nijibu kama mlivyouliza, nitasema hamasa yangu ni wifi. Kuna asubuhi mwili unakataa kabisa, naukumbuka mstari ule mweusi kwenye chokaa, nainuka. Si kila asubuhi. Labda tatu kwa wiki, nne zikiwa nzuri. Lakini mkiniuliza kama nataka binti yangu naye aje kuhesabu kokoto gizani, nitasema hapana, hata kama zitampa nguvu kama zilivyompa shangazi yake.

Ana miaka kumi na saba. Jumapili iliyopita alitoka na klabu ya mtaani, trakisuti na mtandio. Nilimsindikiza mpaka wanapokusanyika, nikakusudia kurudi. Wakaanza kuimba, nikaenda nao nusu ya njia.

Fundi cherehani, Tandika