Madumu ya mafuta ukutani: nilivyoacha kumwaga bolti sakafuni

Saa moja asubuhi bodaboda mmoja aliingiza pikipiki gereji, kava la injini linavuja oili. Kazi ya dakika ishirini. Gasketi ninayo, oili ninayo. Kilichokosekana ni bolti moja ya spana namba 10, ile fupi, maana ya kwake ilikatika kichwa. Nilijua ninazo, tena nyingi. Shida ni kwamba zilikuwa ndani ya kopo la rangi la lita 4, pamoja na kila kitu ambacho gereji ya pikipiki huzaa kwa miaka: nati, washa, splitipini, springi za breki, nusu ya cheni, hata ufunguo wa kufuli ambalo hatukuwahi kulijua. Dogo akalimwaga sakafuni. Tukachuchumaa watu watatu, mteja akiwemo, tunachagua kama mchele wa harusi. Dakika arobaini.

Tulipoipata, yule bodaboda akaniambia taratibu tu, "Fundi, ungeniambia mapema nikanunue dukani, saa hizi ningekuwa nimeshapiga tripu tatu." Siku ile sikumdai hela ya ufundi. Ningeanzia wapi?

Kopo lile lina historia yake. Zamani, hapa Majengo Moshi na kwingineko, mafundi wengi tulikuwa tunafunga spea ndogo kwenye mifuko ya rambo na kuitundika kwenye msumari. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mimi nilichukua vyote nikavimimina kwenye kopo moja, nikisema nitapanga Jumapili. Jumapili hiyo ilichukua miaka.

Nilipoamua kupanga nilikwenda kwanza kuulizia yale makabati ya droo ndogo ndogo za plastiki. Ni mazuri kwa macho. Lakini kwa bei yake nilikuwa naweza kununua seti nzima ya spana, na zaidi ya hapo droo inaficha. Mkono wenye grisi unafungua droo sita kutafuta kitu kimoja, na zote sita zinabaki na grisi. Mimi nilitaka nisimame katikati ya gereji nione kila kitu bila kugusa chochote. Ndiyo maana nikarudi kwenye madumu.

Dumu ninalotumia ni la mafuta ya kula, lita 5, lile lenye mshikio juu. Mama lishe jirani alikuwa nayo kumi na moja nyuma ya banda lake, akanipa kwa sharti nimkazie miguu ya meza. Galoni za oili ya injini za lita 4 nazo zinafaa, na gereji haikosi, ila zinataka kuoshwa vizuri: ziinamishe usiku kucha zichuruzike kwenye chombo cha oili chafu, kisha tia konzi mbili za unga wa mbao, funga, tikisa, mwaga. Unga wa mbao unanyonya oili kuliko sabuni. Baada ya hapo ndipo maji ya moto na sabuni ya unga.

Kukata kuna namna yake. Usikate kichwa chote, maana ukikata kichwa umepoteza mshikio, na mshikio ndio mali. Kata dirisha upande wa mbele tu. Pima vidole vinne kutoka chini, chora mstari, chora mwingine chini kidogo ya bega la dumu, unganisha pembeni. Toboa pembe nne kwanza kwa msumari uliopashwa moto, ndipo upitishe kisu kutoka tundu hadi tundu. Bila yale matundu ufa unaweza kuendelea pembeni ukaharibu dumu zima. Piga msasa kingo, hasa ule wa chini ambako mkono utapita kila siku. Mimi niliona ni upuuzi, nikaruka hatua hiyo kwenye madumu matatu ya mwanzo. Nina alama kwenye kifundo cha mkono mpaka leo.

Dumu likishakatwa hivyo unalitundika kwa mshikio. Linainama mbele kidogo lenyewe, unaona mpaka chini. Na ukiwa na kazi mbali na ukuta, unalitungua, unalibeba hadi kwenye pikipiki, unalirudisha. Droo haikupi hilo.

Sasa ukuta. Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo sitaki ulirudie, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza nilichukua papi, yaani kipande cha mbao cha inchi mbili kwa mbili, futi 6, nikaipigilia ukutani kwa misumari ya zege. Ilikaa imara, nikaivuta kwa mikono miwili haikutikisika. Nikatundika madumu manane, kila moja nusu. Ilikuwa Aprili, mvua za masika. Usiku wa tatu jirani akanipigia simu saa nane akidhani wezi wamevunja gereji. Nilipofika asubuhi papi ilikuwa chini na misumari bado imo ndani yake, imetoka na vipande vya plasta. Bolti zote nilizochambua wiki nzima zilikuwa zimechanganyika upya, safari hii na maji ya mvua.

Baadaye ndipo nikapiga hesabu niliyopaswa kupiga mwanzo. Lita moja ya chuma kitupu ina karibu kilo 8. Bolti zikirundikwa zinaacha nafasi, tuseme nusu ni hewa, kwa hiyo dumu la lita 5 likijaa linakaribia kilo 20. Madumu manane yaliyo nusu ni kilo 80. Nilikuwa nimemtundika mtu mzima kwenye misumari mitano iliyoingia plasta na ngozi ya tofali.

Nilivyorudia: papi ileile, skrubu za inchi 4 na fisha za mm 8 (vile vya plastiki vinavyoingia tunduni kushika skrubu), tano kwa futi 6. Papi inakula sentimita 5, plasta yangu kama moja na nusu, zinazobaki zinaingia kwenye tofali lenyewe. Toboa katikati ya tofali, si kwenye maungio, wala si pembeni ambako tofali linapasuka. Drili ya kupiga niliazima kwa fundi umeme. Puliza vumbi litoke tunduni kabla ya kuingiza fisha; ikibaki na vumbi inazunguka tu na skrubu haikazi. Matofali ya kwetu mengine yana mchanga mwingi kuliko saruji. Ukitoboa ukaona unga unamwagika wenyewe na drili haipati upinzani, hamia tofali la jirani au tumia fisha ya mm 10 iliyo ndefu zaidi.

Kama gereji yako ni ya mabati, usifunge kitu kwenye bati. Kaza papi kwenye nguzo, kutoka nguzo hadi nguzo.

Ndoano zangu ni misumari ya inchi 4, imeingia nusu kwenye papi, imeinamia juu kidogo ili dumu lisiteleze. Tangulia na tundu dogo la drili, la sivyo papi inapasuka. Acha sentimita 22 kati ya msumari na msumari. Papi ya futi 6 inabeba madumu manane bila kubanana. Na usijaze. Kwangu kikomo ni vidole viwili vya bolti, zaidi ya hapo chukua dumu la pili.

Skrubu, fisha na misumari havikufika shilingi 20,000. Papi ilikuwa mabaki kwa seremala.

Kuhusu kuandika majina: niliandika kwa maka peni. Mwezi mmoja, oili ikafuta yote. Nikabandika karatasi na selotepu, nazo zikachakaa. Dawa niliyoipata ni kutoboa tundu kwenye mdomo wa dumu, pale mbele, na kufunga bolti moja ya mfano na nati yake. Dumu la bolti ya spana 10 lina bolti ya spana 10 mdomoni. Unaiona ukiwa mbali, na umeme ukikatika unaipapasa kwa kidole.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Ukiokota bolti usiyoijua, fungua ile nati ya mfano uijaribu. Ikiingia kwa vidole mpaka mwisho, ni ya dumu lile. Ikikwama mzunguko wa pili, siyo, na usiilazimishe. Nasema hivi kwa sababu bolti za unene wa milimita 10 (si zile za spana 10) ziliniumiza. Nyingi za pikipiki zina thredi ya hatua ya mm 1.25, yaani umbali kati ya mzunguko mmoja wa thredi na unaofuata, na zile za kawaida za duka la vifaa vya ujenzi ni mm 1.5. Kwa macho ni mapacha. Dogo aliwahi kuchukua ya dukani akaikaza kwa nguvu kwenye kitako cha injini. Ilizunguka, ikalia, ikaingia. Tulipoifungua thredi za aluminiamu zilitoka zimejiviringisha kama maranda, na kazi ikaishia kwa fundi wa kukereza kwa gharama yangu. Leo hizo mbili zina madumu mawili, na moja nimelipaka rangi nyekundu mdomoni.

Vitu vyepesi havihitaji dumu. Fyuzi, balbu, splitipini, klipu za pini ya pistoni, jeti za kabureta, hivyo vinakaa kwenye chupa za siagi ya karanga. Kifuniko unakikaza chini ya rafu, chupa unaizungushia hapo, inaning'inia. Tumia skrubu mbili kwa kila kifuniko, maana ukiweka moja kitazunguka pamoja na chupa siku utakapoikaza. Chagua za plastiki. Ya kioo niliyokuwa nayo ilianguka kwenye zege, na kuchambua klipu za pistoni kutoka kwenye vigae vya kioo si kazi ya kumtakia mtu. Nyumbani sasa mke wangu ameanza kuandika jina lake chini ya chupa anazotaka zibaki jikoni.

Tahadhari moja: vile vikombe vyepesi vya plastiki vya kwenye sherehe usiviweke karibu na petroli. Nililoweka jeti mbili humo nikaenda kunywa chai. Niliporudi kikombe kilikuwa kimelegea kama uji, kimeshika meza.

Bisibisi na koleo nimezitundika kwa tyubu chakavu ya baiskeli. Kata utepe mrefu, ugongee msumari, acha kitanzi, gonga tena. Sumaku ya spika bovu nimeikaza karibu na benchi, inashika biti na washa za kazi inayoendelea. Wenye gereji za kontena mna bahati, sumaku inang'ata ukuta wenyewe.

Kitu kimoja hakiko ukutani, lakini bila hicho madumu yasingenisaidia sana. Ni trei la mayai, lile la mashimo thelathini. Ninapofungua injini, kila bolti inaingia shimoni kwa mpangilio niliofungua. Kwa kava la injini nafanya zaidi: nachora umbo lake kwenye boksi, natoboa matundu palepale, na kila bolti naichomeka mahali ilipotoka. Bolti za kava zina spana moja lakini urefu tofauti. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua, na fupi ikiingia kwenye refu inashika thredi mbili tatu tu kisha inazila. Kazi ikiisha, zilizobaki zinakwenda kwenye madumu yao jioni ileile.

Kutu ni adui wa masika. Madumu yako wazi, kwa hiyo kila mwezi wa Machi namimina kifuniko kimoja cha oili safi kwenye kila dumu na kutikisa. Kiangazi nafanya kinyume, sitii oili nyingi, kwa sababu vumbi la barabara yetu linashikamana nayo na unapata matope. Oilsili na oringi, zile raba za kuzuia oili isivuje, sizitundiki kabisa. Raba haipendi jua wala cheche za kuchomelea. Hizo ziko kwenye boksi chini ya benchi, ndani ya mfuko wake wa dukani.

Lile kopo la rangi bado lipo. Ndani yake wanakaa yatima, yaani bolti ambayo nati zote kumi na nne za ukutani zimeikataa. Likifika nusu napitisha macho mara ya mwisho, kisha linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na ule ufunguo naubakiza.