Kabla hujaibana seva, ipime

Ofisi niliyokuwa naihudumia Dar es Salaam ilikuwa na seva tatu kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, na kiyoyozi cha nyuzi 18 usiku na mchana. Uniti za LUKU zikawa hazikai. Bosi akasema punguza, nami nikaivamia prosesa: seva zote tatu nikaziweka powersave, hali ya kubana umeme kwenye mfumo wa Linux, nikaenda zangu nyumbani nikijiona fundi.

Mwisho wa mwezi mhasibu akanipigia. "Kaka, mashine zako zimelala?" Hesabu ya mishahara iliyozoea kumalizika kwa dakika 12 ilikuwa dakika ya 40 na bado.

Kumbe powersave moja si sawa na nyingine. Kwenye prosesa mpya za Intel zinazotumia intel_pstate (dreva, yaani programu inayoongoza kasi ya prosesa), kasi bado hupanda kazi ikija. Kwenye mashine za zamani zenye dreva ya acpi-cpufreq, prosesa inashikiliwa kwenye kasi ya chini kabisa, kazi ije isije. Seva ya mahesabu ilikuwa ya zamani. Nikaiweka schedutil, hali inayopandisha na kushusha kasi kufuata mzigo, mhasibu akanyamaza.

Na umeme wenyewe sikuwa nimeokoa wa maana. Niliazima kipima wati, kile cha kuchomeka kwenye soketi. Seva ya mafaili, ikiwa imekaa tu, ilivuta wati 140. Ikibanwa na kazi, 230. Yaani feni, diski na memori vinakula hata asipoigusa mtu. Wati 140 kwa siku 30 ni uniti 100 na ushee zinazopotea bure. Tena prosesa uliyoipunguza kasi inachelewa kumaliza, na muda wote huo mashine nzima iko macho.

Kilichosaidia ni kuihamisha seva hiyo iwe mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu tu, ndani ya mwenzake, kisha kulizima kabisa boksi lake la zamani. (Angalia memori kwanza. Mara nyingi ndiyo inayojaa, prosesa ikiwa bado inapiga miayo.)

Kiyoyozi nikakipandisha hadi 24. ASHRAE, chama cha wahandisi wa mambo hayo, kinapendekeza 18 hadi 27, lakini usiikimbilie 27: feni za seva zikianza kuvuma, ulichookoa ukutani unakilipa ndani ya boksi. Shida ilikuwa bosi, kila akipita anahisi joto na kurudisha 18. Rimoti sasa inakaa kwenye droo yangu.