Bando la maktaba linaisha mapema

Pole mwalimu. Bando linaisha wiki ya kwanza kwa sababu ya video, na sasa mkuu wa shule anataka intaneti ya maktaba ikatwe kabisa. Mwombe asubiri kidogo. Pakua Wikipedia kupitia Kiwix (programu ya kusoma tovuti bila intaneti) na masomo ya Kolibri (programu ya kujifunzia bila intaneti), yote ni bure, uyaweke kwenye kompyuta moja. Wanafunzi watasoma kwa Wi-Fi ya ndani bila kugusa bando. Zuia pia Windows isijisasishe yenyewe, inakula sana. Intaneti ibaki kwa wanaotafuta vyuo na mikopo ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), kwa zamu, skrini zikikuelekea wewe. Na usitegemee vichujio (programu za kuzuia tovuti mbaya) pekee: mtoto akitishwa au kuombwa picha mtandaoni, msifute ujumbe, mfikisheni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.