Shangazi Aliyeulizwa Jina

Wiki mbili zilizopita niliitaja filamu ya Kihindi *Lipstick Under My Burkha* kwa sentensi mbili tu, nikadhani nimepita salama. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali ni mengi na mengine yanarudiana, kwa hiyo nimeokota machache. Yaliyokuwa matusi matupu nimeyasoma pia, ahsanteni.

Sijaiona. Inahusu nini, na hilo jina maana yake nini? (Msomaji, Tanga)

Rangi ya mdomo chini ya buibui, ndiyo maana yake. Imeongozwa na Alankrita Shrivastava. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Tokyo mwaka 2016, na India ikaingia majumba ya sinema tarehe 21 Julai 2017.

Wanawake wanne wanaishi katika nyumba kuukuu mjini Bhopal, iitwayo Hawai Manzil. Rehana ni binti wa chuo. Wazazi wake wana duka la mabuibui na yeye hushona humo. Akifika chuoni huvua la kwake na kubaki na jinzi. Leela ana saluni, ana mchumba aliyetafutiwa na mama yake, na ana mpiga picha aliyejitafutia mwenyewe. Shireen ni mama wa watoto watatu ambaye huuza bidhaa nyumba kwa nyumba bila mumewe kujua. Wa nne ni Usha, mjane wa miaka 55, mwenye nyumba. Usitegemee watu kukimbizana kwenye mvua wakiimba.

Kwa nini serikali ya India iliizuia? Wahindi si ndio waliotuzoesha sinema za mapenzi? (Msomaji, Morogoro)

Za mapenzi, ndiyo. Ila nikumbushe mapenzi yale yalivyokuwa: kijana anaimba, msichana anainamisha uso, kamera inahamia kwenye maua. Anayetamani ni kijana. Msichana anatamaniwa.

Mapema mwaka 2017 bodi inayotoa vyeti vya filamu, wakati huo chini ya Pahlaj Nihalani, iliinyima hii cheti. Barua yake ilisema kwamba hadithi imeelemea upande wa wanawake na kuweka ndoto zao juu ya maisha. Ikaongeza matusi, matukio ya ngono, jambo linalogusa kundi moja la jamii, na kitu ilichokiita ponografia ya sauti. Hiyo ya mwisho ilinichekesha, maana sauti inayotawala filamu nzima ni ya mama mtu mzima akisoma kijitabu cha mapenzi.

Sikiliza lakini kosa lililotangulizwa: imeelemea upande wa wanawake. Filamu ngapi za Mumbai zimeelemea upande wa wanaume, na nani aliwahi kuandikiwa barua? Watengenezaji walikwenda baraza la rufaa la filamu, na Aprili 2017 likaamuru wapewe cheti cha watu wazima baada ya kukata vipande vichache. Baraza lenyewe lilifutwa Aprili 2021, kwa hiyo leo mwenye filamu iliyonyimwa cheti hukimbilia Mahakama Kuu, na kesi za mahakamani tunazijua zinavyokula pesa na muda.

Tena si mara ya kwanza filamu ya matamanio ya wanawake kupigwa vita. *Fire* ya Deepa Mehta, ya 1996, kuhusu wake wawili wa ndugu wanaopendana, ilipita kwenye bodi salama. Yenyewe ilikutana na watu wa kuvunja vioo vya majumba ya sinema, Desemba 1998.

Nilimwonea aibu yule mama. Miaka 55, mjane, anamtamani kijana wa kufundisha kuogelea! Hakuwa na heshima ya umri wake? (Mzee mmoja, Mombasa)

Shikamoo, mzee wangu. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wameuliza hili hili, na wengi wao ni wanaume.

Kwenye nyumba ile hakuna anayemwita Usha. Wote, wakubwa kwa wadogo, wanamwita Buaji. *Bua* kwa Kihindi ni shangazi, dada wa baba, na *ji* ni heshima, kama sisi tunavyotanguliza Bi. Ndiye anayeshika mambo ya nyumba, anayeulizwa, anayeogopwa. Vijitabu vyake vya mapenzi anavisoma kwa kuvificha ndani ya vitabu vya dini. Siku anapojiandikisha kuogelea, anaulizwa jina, naye anakwama. Jina lake mwenyewe halimjii upesi. Halafu analitamka, Usha, kama mtu anayejaribu kiatu kilichokaa kabatini miaka mingi. Ratna Pathak Shah anacheza sekunde zile bila machozi wala muziki mkubwa, na kwangu filamu yote iko pale.

Umeniuliza habari ya heshima. Heshima ndiyo iliyomla jina. Tangu afiwe, amekuwa shangazi wa kila mtu, na shangazi hana mwili. Ana funguo, ana ushauri, ana dawa ya tumbo. Ndiyo maana vazi la kuogelea analinunua kwa woga kama mwizi, na ndiyo maana anampigia simu yule kijana usiku kwa jina la Rosy, mwanamke wa kwenye kijitabu. Udanganyifu ule siutetei. Kijana anadhani anaongea na msichana, na hilo si haki kwake.

Lakini siri inapofichuka, watu waliokula mkononi mwake wanatupa vitu vyake nje mbele ya majirani. Mzee, hapo ulimwonea aibu nani?

Na fikiria mjane mwanamume wa miaka 55 mtaani kwako. Kabla arubaini haijapita, wazee wenzake wameshaanza kumtajia majina.

Mume wa Shireen amekosa nini? Yule ni mkewe wa ndoa. (Msomaji, Muscat)

Hakuna busu katika mambo yao, hakuna neno, wala hakuna swali. Mume karudi kutoka Saudia, anamgeuza mke anavyotaka, anamaliza, analala. Kinga hataki kutumia, kwa hiyo mzigo wa vidonge na mimba zilizotolewa ni wa mwili wa mke. Konkona Sen Sharma, anayeigiza Shireen, anakutazamisha dari pamoja naye. Na mume anapojua kwamba mkewe ana kazi, na anaifanya vizuri, anamwambia yeye ni mke, asijaribu kuwa mume. Kisha anamwadhibu kwa njia ile ile ya kitandani.

Kisheria, ndugu yangu, una watu wengi upande wako. Sheria mpya ya makosa ya jinai ya India, iliyoanza kazi Julai 2024, bado haihesabu kuwa ni ubakaji mume anapomwingilia kwa nguvu mkewe mwenye miaka 18 au zaidi. Mwaka 2022 majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Delhi waligawanyika juu ya jambo hilo, mmoja huku, mmoja kule. Kwetu, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtazama mke kama aliyebakwa pale tu walipokuwa wametengana, na sheria ya Kenya ya makosa ya kingono ya 2006 inawatoa wanandoa. Sheria zote hizo ziko nawe. Mimi siko nawe.

Je, inawatukana Waislamu? (Msomaji, Unguja)

Nililifikiria sana, kwa sababu jina limechagua vazi la dini moja. Ila hesabu wahusika: Rehana na Shireen ni Waislamu, Leela na Usha ni Wahindu, na anayeadhibiwa hadharani kuliko wote ni Usha, ambaye buibui halivai. Kwa Rehana lile vazi ni kizuizi na ni maficho pia, maana vitu anavyoiba madukani vinaingia humo humo. Jina naliona la kuvutia wateja. Hadithi yenyewe ina haki zaidi kuliko jina lake.

Haya si mambo ya Kizungu tu? (Msomaji, Bagamoyo)

Wewe wa Bagamoyo unaniuliza hivyo? Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, alifundisha mabinti unyagoni miaka na miaka, na hakuna Mzungu aliyemwelekeza. Mwari anafundwa mchana kweupe na kungwi wake, mlango umefungwa, wanaume nje. Filamu hii imeacha mlango wazi. Jingine ni kwamba unyago wetu unamsindikiza binti hadi kwa mume. Mjane wa miaka 55 hapigiwi ngoma.

Niitazame na binti yangu wa miaka 15? (Mama, Leicester)

Hapana, dada. Cheti chake ni cha watu wazima na kinastahili. Itazame wewe kwanza, usiku, nyumba ikitulia. Ukifika mwisho utawakuta wote wanne chumbani, kila mmoja keshaumbuka kwa namna yake, wanapokezana sigara moja na kusoma kile kijitabu kilichoharibiwa, wakicheka. Binti akiamka akakuuliza unalia nini, mweleze habari za Usha. Anza na jina lake.