Muuzaji aliniambia huyu ni fagio

SWALI: Shikamoo mzee wa samaki. Nina tangi la lita 60 sebuleni, dirishani, lenye samaki wa dhahabu wanne. Vioo vilipoota utando wa kijani, muuzaji alinipa samaki aitwaye pleko, akasema huyu ni fagio, hata kulishwa hahitaji. Miezi minane sasa, kafika shibiri, vioo bado kijani, na juzi usiku nimemkuta kamng'ang'ania mmoja wa wale wa dhahabu ubavuni. Nimrudishe mtoni?
Mama wa watoto watatu, Tabata

JIBU: Marahaba mama. Nimrudishe, mto gani? Kwao ni Amerika Kusini, Msimbazi hapajui. Kule Florida na Mexico walikomwagwa, wanatoboa kingo za mito na maziwa ili watage. Usimtupe popote.

Mimi pia niliuziwa fagio hilo, likiwa saizi ya kidole changu cha mwisho. Baada ya miaka mitatu lilikuwa futi nzima. Likigeuka usiku mawe yanagonga kioo, mke wangu ananiamsha, "Baba, mwizi." Na fagio gani linalokunya hivyo? Kinyesi chake ni nyuzi ndefu chini kote, na hiyo ndiyo mbolea ya huo ukijani.

Wako ana njaa. Akikosa chakula huramba ute wa samaki wenzake, na wa dhahabu ni mzito, hana mbio. Leo ukizima taa, funga kipande cha tango kwenye jiwe kwa uzi, kizamishe. Asubuhi utakuta ganda tu. Litoe kabla halijaoza. Muwekee na kipande cha gogo akwangue. Huko ni kumvusha tu: mtafutie mtu mwenye tangi la lita 400 au zaidi.

Ukijani wenyewe unatokana na jua la dirisha na chakula cha ziada. Hamisha tangi. Taa isizidi masaa manane kwa siku. Lisha kinachokwisha ndani ya dakika mbili, hata watoto wakilia kwamba samaki wanaomba. Kila wiki badilisha robo ya maji. Ya bomba yalaze kwanza siku nzima kwenye ndoo wazi, klorini iondoke. Vioo kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Mimi niko kwenye ya tatu.

Hao wa dhahabu nao, wanne ndani ya lita 60, wamebanana kama daladala ya saa kumi na mbili. Hilo niandikie tena, tutagombana toleo lijalo.