Kwa wewe unayeanza kufuatilia barafuto zinazokurupuka

Ukiingia kwenye kazi hii ukitokea masomo ya tabianchi, utakuwa umezoea kusikia kwamba joto likipanda, barafu hurudi nyuma. Kwa barafuto nyingi ni kweli. Kundi tunaloshughulika nalo sisi lina tabia zake, na mwaka wangu wa kwanza niliumbuka kwa kuliamini jambo hilo kupita kiasi.

Barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka kwa uzito wake wenyewe, kwa kawaida haina haraka, na mwendo wake wa mwaka huu haupishani sana na wa mwaka jana. Hizi zetu, ambazo ni kama asilimia 1 tu ya barafuto zote duniani, hulala miaka mingi kisha zikakurupuka, yaani zikaongeza mwendo ghafla mara nyingi zaidi ya kawaida. Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini ya mbali, usingizi huweza kuchukua miaka 50 hadi 100 na zaidi, na mkurupuko wenyewe ukadumu miaka kadhaa. Alaska mambo huenda kasi zaidi: Variegated Glacier ilipokurupuka mwaka 1982 na 1983 ilifikia mita 65 kwa siku. Bråsvellbreen ya Svalbard, mwaka 1937 na 1938, ilisogea mbele kuingia baharini hadi kilomita 20 hivi.

Sasa kosa langu. Nilipewa barafuto moja nipime ncha yake, yaani mwisho wake wa chini, kwa picha za miongo miwili. Ilikuwa imerudi nyuma kila mwaka, bila kukosa. Nikaandika kwa ujasiri kwamba hayo ni matokeo ya ongezeko la joto. Mkubwa wangu wa kazi akasoma, akauliza swali moja: "Ilikurupuka lini mara ya mwisho?" Sikuwa na jibu. Tukafungua picha zilizopigwa kutoka angani na Wanorwei mwaka 1936, na hapo ncha ilionekana imevimba na kukatikakatika kwa nyufa. Ilikuwa imetoka kukurupuka. Barafuto iliyolala hurudi nyuma hata hali ya hewa isipobadilika, kwa sababu theluji inajilimbikiza juu bila kushuka, huku sehemu ya chini ikiyeyuka pasipo kupata chakula. Huenda joto lilikuwa limechangia, tena sana, lakini ncha peke yake haikuweza kunionyesha hilo.

Kwa hiyo kabla hujagusa data yoyote ya mwendo, tafuta wasifu wa barafuto yako. Tazama picha za zamani kabisa, kisha za setilaiti za Landsat tangu 1972. Angalia mistari ya moreni, ule mchanga na mawe yanayobebwa juu ya barafu. Kwenye barafuto ya kawaida mistari hiyo hunyooka kufuata mkondo. Kwenye iliyokurupuka hujikunja kama vitanzi, kwa sababu tawi moja lililala huku jirani yake akilisukuma. Vitanzi hivyo vitakuambia mengi kabla hujafungua programu yoyote.

Kuhusu kupima mwendo, sitakaa sana hapo, maana mafunzo yapo. Ila angalia ukubwa wa dirisha la utafutaji, yaani umbali ambao programu huitafuta alama ile ile kati ya picha mbili. Setilaiti moja ya rada ya Sentinel-1, ikiwa peke yake, hurudi mahali pale pale kila baada ya siku 12. Kwa siku hizo 12, barafu inayokwenda mita 20 kwa siku itakuwa imesogea mita 240, na kama umeiagiza programu itafute ndani ya mita 100, haitakuambia kwamba imeshindwa. Itakupa namba ndogo, safi, inayopendeza macho. Mimi niliwahi kutangaza mbele ya kikao kizima kwamba barafuto imeanza kutulia, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa imeshika kasi. Rada inakusaidia wakati wa giza la miezi ya baridi, lakini haikukingi na uvivu wako mwenyewe.

Swali linaloletwa na kila mgeni ni hili: je, joto likizidi, mikurupuko itaongezeka au itapungua? Ukitaka jibu la neno moja utapotea. Yanatokea yote mawili, na sababu zake ni tofauti.

Tuanze na kupungua, maana hapa pana jambo linalowashangaza wengi: hewa inayopata joto inaweza kuifanya barafu iwe baridi zaidi chini kabisa. Barafu nene hufanya kazi ya blanketi. Joto linalotoka ardhini halipati njia ya kutokea, uzito nao hushusha kiwango cha kuyeyukia, hivyo kitako cha barafuto kinakuwa na maji na kinaweza kuteleza. Majira ya joto yakiila ile barafu mpaka ikawa nyembamba, baridi ya majira yanayofuata inapenya hadi chini, na kitako kinagandamana na mwamba. Scott Turnerbreen, pale Svalbard, ilikurupuka miaka ya 1930. Tangu hapo imepungua unene hadi imeganda yote mpaka kwenye sakafu ya bonde, na kwa hali ya hewa ya sasa haitarajiwi kukurupuka tena. Zingine hazijaganda hivyo, ila ghala lao la juu, pale theluji inapojilimbikiza, halijai, kwa kuwa kinachoyeyuka kinazidi theluji inayoanguka. Usingizi unarefuka, na kwa baadhi hautaisha.

Upande wa pili ni maji. Kiangazi chenye joto huzalisha maji mengi juu ya barafu, nayo yakipata nyufa huzama mpaka kitakoni. Basin-3, sehemu ya kofia ya barafu ya Austfonna (barafu pana inayofunika ardhi) huko Svalbard, haikulipuka siku moja. Kila kiangazi iliongeza mwendo, na kiangazi kikipita haikurudi pale ilipokuwa mwanzo, bali ilibaki juu kidogo, kama mtu anayepanda ngazi, hadi ikakurupuka mwaka 2012 na kukaribia mita 20 kwa siku. Kofia ya Vavilov, Urusi, ilikuwa ikitembea taratibu mno. Kuanzia 2013 ilifunguka, ikatambaa juu ya tope laini la sakafu ya bahari, na baadaye ikavuka mita 20 kwa siku. Kama Vavilov iitwe mkurupuko au kuporomoka, watu bado wanabishana. Mimi naona jina si muhimu kama ukweli kwamba barafu kavu na baridi ya namna ile tulikuwa tumeihesabu miongoni mwa zilizotulia.

Tena kuna hizi zinazofika baharini. Vitabu vya zamani vitakufundisha kwamba mkurupuko huanzia juu, ghalani, na kushuka kama wimbi. Lakini Aavatsmarkbreen na Wahlenbergbreen, za Svalbard, zilianza kwenye ncha na kupanda kuelekea juu. Ncha ilipungua unene, mteremko ukawa mkali, nyufa zikafunguka, maji yakaingia. Hapo kurudi nyuma ndiko kulikoandaa kukurupuka. Ukisubiri dalili upande wa juu peke yake, utachelewa.

Ndiyo maana nakushauri uchore mistari miwili kwenye karatasi moja: unene wa sehemu ya juu na unene wa sehemu ya chini, mwaka kwa mwaka. Juu ikipanda na chini ikishuka, usingizi unaendelea kama ulivyozoeleka. Zote mbili zikishuka, jiulize kama kitako kinaelekea kuganda. Chini ikishuka haraka na ncha ikiwa majini, anza kuhesabu nyufa.

Kama hujui uanzie wapi, chukua Kongsvegen, karibu na Ny-Ålesund, kituo cha utafiti cha Svalbard. Ilikurupuka mnamo 1948, na vijiti vya kupimia vimekuwa juu yake tangu miaka ya 1980, kwa hiyo rekodi ni ndefu. Kwa miongo mingi ilitembea mita chache tu kwa mwaka. Miaka ya karibuni imeanza kuongeza mwendo.