Mbwa wa jirani ananiogopa, na sasa jirani anamtaka tena

*Shikamoo Shangazi. Jirani yetu alikuwa na mbwa, Popi, aliyemfunga mnyororo nyuma ya choo usiku na mchana, jua na mvua. Alipohama alimwacha palepale. Nilipompigia simu akasema, “Mchukue tu, mbwa mwenyewe hana kazi.” Nina wiki ya tatu naye. Anajibanza nyuma ya tangi la maji, hali mpaka niondoke, na mume wangu akiingia getini anajikojolea. Juzi mwanangu wa miaka sita alimfuata na mkate, akamngurumia na kumtolea meno. Mume wangu anasema mbwa asiyebwekea wezi na anayetishia watoto ni hasara tupu. Sasa jirani naye amepiga simu: amepata nyumba yenye uzio, anamtaka Popi wake, au nimpe elfu hamsini. Nimechanganyikiwa.*
*Mama wa Mmoja, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Nianze na mtoto, maana hayo mengine yanaweza kusubiri.

Kunguruma si kuuma. Popi alimwambia mtoto asisogee, na mtoto akaelewa. Msimpige kwa hilo. Mbwa anayechapwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, halafu siku akizidiwa anauma bila onyo. Kuanzia leo mtoto asimfuate kule nyuma ya tangi, wala wasiachwe wawili peke yao hata dakika moja. Hapo nyuma ya tangi pawe pake. Mtandikie gunia, mwezekee kipande cha bati, na asitolewe kwa kuvutwa.

Je, amechanjwa? Jirani atakwambia ndiyo. Mwombe kadi. Kama hana kadi, chukulia kwamba hajachanjwa. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishamtokea binadamu ni nadra sana kupona, kwa hiyo hapa sina mzaha. Kwenu Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. La sivyo, muone afisa mifugo wa kata, umweleze kuwa mbwa ni mwoga ili aje nyumbani. Amchanje, ampe dawa ya minyoo na kupe, amwangalie shingo, kwa sababu mnyororo wa miaka mara nyingi huacha kidonda chini ya manyoya. Mkubaliane pia siku ya kumhasi. Na ikitokea ameuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama mbwa ataugua.

Sasa woga wenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Mume wako hajamkosea Popi, lakini huenda ana sauti nzito, au viatu vizito, au anashika funguo kama mtu aliyewahi kumpiga. Kujikojolea si dharau wala uchafu. Ni mbwa anayeomba asiguswe. Kwa hiyo namtwika mume wako kazi, na najua atanung’unika: chakula cha jioni akipeleke yeye. Aweke bakuli, asiseme kitu, aondoke. Baada ya siku kadhaa akae mbali kidogo, ubavu ubavu, asimkodolee macho, amrushie dagaa mmoja mmoja. Asimwinamie, na asimpapase kichwani, kwani mkono unaotoka juu ndio mbwa aliyepigwa anauogopa zaidi. Popi akisogea hatua moja, ni yake mwenyewe. Akirudi nyuma, mwacheni.

Wewe nawe menya viazi vyako karibu na lile tangi, umpe mgongo, uongee na simu au na nafsi yako. Azoee sauti.

Wanaookoa mbwa wana hesabu yao ya kukadiria: siku tatu za kupunguza hofu, wiki tatu za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi mitatu ya kuanza kujiona wa pale. Kwa mbwa aliyekulia kwenye mnyororo, ongeza. Wiki tatu zako si kushindwa. Ila geti lifungwe muda wote, maana mbwa mwenye hofu akitoka hageuki nyuma.

Kuhusu ulinzi nitakuwa mkweli: anaweza asibweke kamwe. Kama mume wako anataka mlinzi, Popi siye, na afadhali mjue sasa kuliko kumlaumu baadaye. Na mkiona hamwezi kumtenga na mtoto, mtafutieni nyumba isiyo na watoto wadogo. Kumrudisha kwenye mnyororo, hapana.

Haya, jirani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na mtu aliyehama akaacha mbwa amefungwa hana pa kusimamia. Lakini neno “mchukue tu” la kwenye simu hana haja ya kulikumbuka. Usibishane naye kwa simu. Mwambie mkutane ofisi ya serikali ya mtaa, muandikishiane mbele ya mwenyekiti kwamba Popi ni wako. Hiyo elfu hamsini, mwambie kwanza utakata humo gharama za daktari. Huenda akanyamaza hapo hapo. Akikazana na unayo, lipa, nusu au yote, mradi asaini. Najua inauma kumlipa mtu aliyestahili kutozwa faini, ila mimi ningelipa, nikalala.

Nenda na kadi ya chanjo siku hiyo, na hakikisha daktari ameandika jina lako kwenye nafasi ya mwenye mbwa.